Bei ya Nguzo Imo Ardhini: Unalipia Nini Unapoweka Umeme kwenye Reli Kuukuu

Mwanzoni mwa mwaka 2013, Network Rail, shirika linalosimamia njia za reli nchini Uingereza, lilikadiria kwamba kuweka umeme kwenye njia kuu ya Great Western, ile inayotoka London kwenda Bristol na Wales Kusini, kungegharimu pauni milioni 874. Mwaka 2014 makadirio yakapanda hadi pauni bilioni 1.6. Mwaka 2015 yakafika bilioni 2.8. Ndani ya miaka hiyo shaba haikupanda bei mara tatu, chuma hakikupanda bei mara tatu, wala mishahara ya mafundi. Bei ya kwanza ilitajwa kabla ya kazi yenyewe kufahamika, na sehemu kubwa ya kazi isiyofahamika ilikuwa chini ya miguu ya mafundi: udongo wa matuta, nyaya za ishara zilizofukiwa, kuta za zamani, maji.

Mlipaji wa bili hiyo ni mwananchi. Hulipa kupitia kodi, nauli, na miaka ya wikendi anapopandishwa basi badala ya treni. Kwa hiyo ana haki ya kulinganisha anachouziwa kama anavyolinganisha bati na vigae anapojenga nyumba. Maoni yangu nayasema mapema: kwenye reli kuukuu, pesa ya kwanza kutumika na yenye faida kuliko zote ni ya kupima udongo, na anayeiruka ili kuanza haraka huilipa baadaye kwa riba kubwa.

Kabla ya kulinganisha, jua kipimo. Watu wa reli huhesabu kwa kilomita ya njia moja: kipande cha kilomita 100 chenye njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, ni kilomita 200. Mwanasiasa akitaja bei kwa kilomita bila kusema ni kilomita ipi, tayari kuna mwanya wa kuikuza maradufu au kuipunguza nusu. Kisha uliza bei imebeba nini. Mradi wa Caltrain huko California, kati ya San Francisco na San Jose, kama kilomita 82, uliishia kwenye dola bilioni 2.44, lakini ndani yake mlikuwa na treni mpya kabisa za kampuni ya Stadler pamoja na vituo vya kupokelea umeme. Ukiugawa kwa kilomita na kuuweka kando ya mradi ambao treni zake zilinunuliwa kwa mkataba mwingine, utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Chama cha viwanda vya reli vya Uingereza, katika ripoti yake ya 2019 kuhusu gharama za umeme, kilionyesha kwamba miradi isiyo na vikwazo vikubwa inaweza kufanyika kwa kati ya pauni 750,000 na milioni 1 kwa kilomita ya njia moja. Shika tarakimu hiyo kichwani, halafu fikiria jinsi Great Western ilivyoipita mbali.

Nguzo inasukumwa, haizami

Asiye fundi hudhani tatizo la nguzo ya nyaya ni uzito. Udongo unaobeba kichwa cha treni chenye makumi ya tani hautasumbuliwa na nguzo moja ya chuma. Kinachosumbua ni kusukumwa ubavuni. Upepo unazipiga nyaya juu kabisa. Kwenye kona nyaya zilizokazwa huivuta nguzo kuelekea ndani ya kona. Na mkono unaoshika nyaya umening'inia upande mmoja tu. Kazi ya msingi hapa ni ile ya kigingi cha kufungia ng'ombe: hakikandamizwi na chochote, ila mnyama akivuta kamba, ndipo unapojua umekipigilia kwenye udongo gani.

Kwa sababu hiyo udongo wenye thamani ni ule wa mita chache za juu, unaoukumbatia msingi kwa ubavu. Na kwenye reli kuukuu, mita hizo chache ndizo mbovu kuliko zote.

Great Western ilibuniwa na Isambard Kingdom Brunel na kukamilika kutoka London hadi Bristol mwaka 1841. Wakati huo sayansi ya udongo kama tunavyoijua haikuwapo. Vibarua walichimba kilima kwa sururu na beleshi, kama pale Sonning karibu na Reading ambako mkato unashuka hadi kama mita 18, wakapakia udongo kwenye vigari na kuumwaga mbele ya tuta lililokuwa likiendelea kurefuka. Hapakuwa na mashine ya kushindilia, wala aliyepima unyevu wa udongo kabla ya kuumwaga. Mabonge ya mfinyanzi yaliangukiana yakiacha mapengo kati yake, na tuta likaachwa litulie lenyewe. Lilipotulia, reli ilibonyea. Ilipobonyea, wakajaza majivu ya injini za mvuke na kokoto kuiinua tena. Mchezo huo ukaendelea kwa zaidi ya karne. Leo ukichimba kwenye bega la tuta la umri huo, unaweza kukuta kwanza kokoto chafu, kisha majivu meusi mepesi yanayomiminika mkononi, kisha mfinyanzi uliochanganyika na changarawe, ndipo ufikie ardhi ya asili. Mita 50 mbele, tabaka zimebadilika. Nguzo hukaa takriban mita 50 hadi 60 kutoka moja hadi nyingine kwenye njia iliyonyooka, maana yake kila nguzo inaweza kuwa na udongo wake.

Juu ya hapo kuna mteremko. Nguzo husimama kwenye ukingo wa tuta, kwa kuwa katikati ni mahali pa treni. Msingi ukisukumwa kuelekea nje, upande ule hauna udongo wa kutosha wa kuuegemea. Kuna hewa na nyasi. Kama mteremko una miti, mizizi hunyonya maji kwenye mfinyanzi wakati wa kiangazi, tuta likanywea na kupasuka, halafu mvua ikija likavimba. Mhandisi makini hatauhesabia udongo wa juu unaopasuka kila mwaka kuwa ni tegemeo. Anakwenda chini zaidi, na kila mita ya kwenda chini ina bei.

Aina za misingi, na ipi ununue

Sokoni kuna njia kuu mbili, na nyingine ndogondogo za kuziba pengo.

Ya kwanza ni bomba la chuma linalopigiliwa. Great Western ilitegemea hili: mabomba mapana ya kiasi cha sentimita 60, yanayoshushwa kwa mtetemo na kumaliziwa kwa nyundo. Faida zake ni za kweli. Hakuna udongo unaotolewa, kwa hiyo hakuna taka ya kubeba usiku. Hakuna zege la kusubiri likauke. Nguzo inaweza kufungwa mapema. Kwenye mfinyanzi wa kawaida kazi ni ya haraka. Ubaya wake ni kwamba bomba ni kipofu. Halioni waya wa ishara uliofukiwa miaka ya sitini, wala bomba la maji, wala ukuta wa mawe wa stesheni iliyobomolewa. Likikuta mwamba, kama chokaa ngumu ya maeneo ya Bath, linagota.

Ya pili ni shimo linalochimbwa na kujazwa nondo na zege. Caltrain walichagua hili kwa misingi yao, ambayo ni zaidi ya 3,000. Uzuri wake ni kwamba unaona unachokitoa: mchimbaji akileta juu tope jeusi badala ya mchanga uliotajwa kwenye michoro, anaweza kusimama na kumwita mhandisi. Mita za kwanza zinaweza kuchimbwa kwa mkono au kwa mashine ya kufyonza, hivyo waya ukionekana unasalimika. Lakini ni kazi ya polepole. Palipo na maji au mchanga, kingo huporomoka na inabidi uingize ganda la chuma. Udongo wa pembezoni mwa reli kuukuu mara nyingi una mafuta na dawa za magugu za miongo mingi, kwa hiyo hauwezi kumwagwa popote. Unapimwa na kupelekwa kwenye dampo maalumu kwa malipo. Na lori la zege lazima lifike saa ileile shimo liko tayari.

Nyingine ni vikundi vya mabomba membamba kwa pale pasipoingilika na mashine kubwa, skrubu za chuma zinazozungushwa ardhini, na kitako kipana cha zege kinachokaa juu juu kwa pale ambapo kuna mwamba au mtaro wa nyaya usiohamishika. Kitako hicho kinahitaji nafasi, na nafasi ndiyo adimu kwenye bega la tuta.

Ningekuwa mnunuzi nisingefunga mkataba wa aina moja kwa njia nzima. Bomba la chuma kwa sehemu za mfinyanzi zilizopimwa, shimo la zege kwenye stesheni na palipojaa nyaya, kitako kwenye mwamba. Mkandarasi atalalamika kwamba kubadilisha mashine kunamgharimu, na ana haki. Lakini gharama hiyo inajulikana kabla ya kuanza. Gharama ya bomba lililogota haijulikani mpaka usiku wa manane.

Hebu tuutazame usiku huo. Kwa ajili ya Great Western, Network Rail ilinunua treni-kiwanda ya magari 23 kutoka Windhoff ya Ujerumani kwa takriban pauni milioni 40, ikaijengea bohari Swindon. Hesabu zote za muda ziliegemea kasi yake. Treni ya mwisho ya abiria ikishapita na njia ikishafungwa rasmi, treni-kiwanda hutoka bohari na kwenda hadi penye alama ya rangi iliyopigwa na wapimaji. Mkono wa mashine unaliinua bomba, unalisimamisha wima, mtetemo unaanza na bomba linazama. Halafu linaacha kuzama. Msimamizi anatazama mchoro, na mchoro hauna kitu. Anaweza kuligonga kwa nguvu zaidi na kuhatarisha kulikunja. Anaweza kuling'oa na kusogea, lakini nguzo ikisogea, nafasi hadi nguzo inayofuata inabadilika, na mbunifu lazima ahesabu upya upepo na mvuto wa nyaya. Au anaweza kuliacha na kwenda kwenye alama inayofuata, akiacha pengo litakalorudiwa usiku mwingine, na kikosi kingine, na mashine nyingine. Saa chache baadaye lazima kila kitu kiondoke ili treni ya alfajiri ipite. Gharama kubwa ya usiku huo ilikuwa watu na mashine waliosimama. Chuma kilikuwa sehemu ndogo.

Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilipoandika ripoti yake Novemba 2016, ilionyesha kwamba mradi ulianza bila mpango uliounganika, na kwamba matarajio juu ya kasi ya kazi hayakulingana na hali halisi. Faida iliyotarajiwa kwa kila pauni 1 ilishuka kutoka pauni 2.4 hadi 1.6. Mwezi huohuo serikali ikaahirisha vipande vya Oxford, Bath na katikati ya Bristol. Julai 2017 waziri wa usafiri, Chris Grayling, akafuta kabisa kipande cha Cardiff hadi Swansea. Abiria wa Swansea walilipia mashimo ya Berkshire, mkoa wa Reading, na hilo linaniuma kila ninapolisoma, kwa kuwa hawakuhusika na uamuzi hata mmoja.

Kina cha ziada

Kuna gharama nyingine ambayo haikutoka kwa udongo wenyewe. Ilitoka kwenye kanuni ya hesabu.

Miaka ya 1950, taasisi ya utafiti ya umoja wa kimataifa wa reli ilifanya majaribio ya misingi ya nguzo kwa kuivuta na kuandika ilivyojibu, ikapata kanuni rahisi iliyotokana na vipimo hivyo. Kanuni ya namna hiyo ndiyo iliyotumika Uingereza kwa miongo mingi, na nguzo zake bado zimesimama. Great Western ilipoanza, miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu mradi mkubwa wa mwisho, ule wa njia ya pwani ya mashariki hadi Edinburgh uliokamilika 1991. Waliojua kwa nini kanuni ya zamani inafanya kazi walikuwa wamestaafu. Wabunifu wapya wakatumia njia ya jumla ya kuhesabu misingi, yenye tahadhari juu ya tahadhari, na misingi mingi ikatoka mirefu kuliko ilivyohitajika. Hapo ukaongezeka pia muundo wa nguzo zenyewe, mzito, uliobuniwa kwa treni za kilomita 225 kwa saa, ingawa treni kwenye njia hiyo hukimbia kilomita 200.

William Powrie, profesa wa uhandisi wa udongo wa Chuo Kikuu cha Southampton, na wenzake waliichunguza upya kanuni ile ya zamani na kuonyesha kwamba ina mashiko: inaweza kutumika kwa usalama na kutoa misingi mifupi zaidi. Miradi iliyofuata imefaidika. Lakini mabomba marefu ya Great Western yalikuwa yamekwisha kupigiliwa. Mita ya ziada kwenye msingi mmoja haionekani kitu. Izidishe kwa maelfu ya misingi, halafu kumbuka kwamba bomba refu lina uwezekano mkubwa zaidi wa kugota, na kwamba kila linapogota usiku mmoja unapotea.

Mnunuzi asiye mhandisi anaweza kuuliza swali moja tu hapa na likamwokolea fedha nyingi: kanuni iliyotumika kukokotoa kina cha misingi ni ipi, na imejaribiwa kwa kuvuta nguzo halisi kwenye udongo wa njia hii? Majaribio machache kama hayo mwanzoni ni nafuu kuliko treni-kiwanda iliyosimama.

Lakini onyo hilo dhidi ya kina cha ziada lisikupeleke kwenye urahisi wa kupindukia. Mradi wa pwani ya mashariki, ulioidhinishwa 1984 kwa bajeti ya zaidi ya pauni milioni 300, unasifiwa kwa bei yake. Kwenye sehemu zenye njia nne walisimamisha nguzo mbili tu, moja kila upande, na kuning'iniza nyaya za njia zote nne kwenye nyaya za pamoja zilizokatiza juu. Msingi uliokolewa, chuma kikaokolewa. Ila nyaya hizo zikiharibika kwenye njia moja, njia zote nne husimama, na abiria wa mashariki ya Uingereza wamekwama mara nyingi siku za upepo mkali. Fremu ya chuma yenye kila njia na tegemeo lake ni ghali zaidi siku ya kununua, na ningeinunua.

Usiku elfu, au kufunga kabisa

Chaguo linalowagusa abiria moja kwa moja ni hili: wafanye kazi usiku na wikendi kwa miaka, au wafunge njia kabisa kwa muda mfupi?

Scotland wametoa mfano mzuri. Njia ya Edinburgh hadi Glasgow ilifunguliwa 1842, na mahandaki yake yalijengwa bila mtu kufikiria nyaya juu ya treni. Mwaka 2015 walifunga handaki la Winchburgh kwa siku 44, wakaishusha njia na kuilaza juu ya bamba la zege badala ya kokoto. Mwaka 2016 wakalifunga handaki la Queen Street mjini Glasgow kwa wiki 20. Malalamiko yalikuwa mengi. Lakini fundi aliyepewa handaki kwa siku 44 mfululizo anaweza kuchimba chini, kuona maji yanatokea wapi, kurekebisha mtaro, na kusubiri zege likomae. Fundi anayepewa muda wa saa nne tu usiku mmoja na muda kama huo usiku mwingine hutumia muda mwingi kupanga vifaa na kuvipangua. Mradi huo nao ulichelewa. Treni za umeme zilianza Desemba 2017. Hata hivyo kwa reli kuukuu ningechagua kufunga, mradi abiria waambiwe mapema na wapewe njia mbadala ya kweli.

Kushusha njia kunahitaji onyo lake. Daraja la barabara lililo chini mno kwa nyaya za volti 25,000 linaweza kubomolewa na kujengwa juu zaidi, au reli inaweza kushushwa chini yake. Kushusha kunaonekana rahisi, lakini madaraja ya karne ya 19 yana misingi mifupi. Ukichimba pembeni yake unaweza kuyanyang'anya udongo unaoyashika. Na njia iliyoshushwa huwa bwawa kama mtaro haukutengenezwa upya. Siku hizi kuna chaguo la tatu. Pale Cardiff, kwenye daraja ambalo reli hupita chini ya reli nyingine, waliweka rangi maalumu isiyopitisha umeme pamoja na vifaa vya kumeza mshtuko wa volti, wakapitisha waya bila kubomoa kitu. Steventon, kijiji cha Oxfordshire, daraja la zamani lililokuwa libomolewe lilinusurika baada ya hesabu za kompyuta kuonyesha treni inaweza kupita chini yake kwa kasi kubwa. Hesabu nzuri ni bidhaa ya bei nafuu kuliko zote kwenye orodha hii.

Handaki la Severn, lenye urefu wa kilomita 7 chini ya mdomo wa mto, lilitoa funzo lingine. Tangu lichimbwe na kufunguliwa 1886, chemchemi kubwa huingiza maji humo na pampu hazipumziki. Walifunga reli ya alumini darini badala ya waya, chaguo zuri kwa nafasi finyu, lakini unyevu na chumvi viliishambulia kabla huduma ya umeme kuanza, ikabidi kurekebisha. Treni za umeme zilianza kulipita mwaka 2020.

Je, betri?

Baada ya mkasa wa Great Western, jibu la kwanza la serikali lilikuwa kutegemea treni zenye mioyo miwili: umeme penye waya, dizeli pasipo waya. Abiria wanapata safari moja bila kubadilisha treni, na hilo ni jambo jema. Lakini treni hubeba injini nzito za dizeli chini ya waya kwa mamia ya kilomita, na gharama hiyo haiishi. Hulipwa kila siku kwa maisha yote ya treni.

Betri ni bora kwa matawi mafupi. Februari 2024 treni ya majaribio ya kampuni ya Great Western ilikwenda maili 86, kama kilomita 138, kwa chaji moja. Na kwenye mabonde ya Wales Kusini, juu ya Cardiff, wameweka nyaya kwa vipande: zinakatika chini ya madaraja magumu, na treni huvuka hapo kwa betri. Huko kuna mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, miteremko mikali na madaraja ya mawe kila kona, hivyo kila nguzo iliyoepukwa ni hatari ya ardhi iliyoepukwa. Kwa mazingira kama hayo ningenunua betri bila kusita. Kwa njia kuu yenye treni nzito za mizigo kila dakika chache, ningerudi kwenye waya mfululizo.

Kwetu

SGR ya Tanzania, yaani reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ilipata umeme ikiwa mpya. Tuta lilishindiliwa kwa mashine, tabaka kwa tabaka, na misingi ya nguzo iliingia kwenye mchoro mmoja na tuta. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuweka waya kwenye reli ya kati ya Wajerumani, iliyofika Kigoma 1914. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe cha reli hiyo kimesombwa na mafuriko mara nyingi kiasi kwamba nguzo yoyote ungeisimamisha pembeni ya mto ingehitaji kwanza ulinzi wa kingo. Tanzania ilinunua njia mpya yenye mahandaki kwenye milima ya Kilosa, ghali zaidi kwa mtazamo wa siku ya kwanza, na kwa udongo ule nadhani ilikuwa sahihi.

Kenya ina hali ya katikati. SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017 ikiendeshwa kwa dizeli, ila ilijengwa ikiwa na nafasi ya kuwekewa umeme baadaye. Tuta lake ni la kisasa na kumbukumbu zake zipo, jambo ambalo Brunel hakuwaachia Waingereza. Lakini karibu na Nairobi kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na kwenye nyanda za chini za pwani kuna maji karibu na uso wa ardhi. Vipimo vya wakati wa ujenzi vilifanywa kwa ajili ya kubeba treni katikati ya tuta; msingi wa nguzo uko pembeni, na unahitaji vipimo vyake.

Siku zabuni itakapotangazwa, kifungu cha kusoma kwa makini ni kile kinachosema nani analipa ardhi ikiwa tofauti na ilivyoandikwa. Caltrain walikutana na vikwazo vingi vya chini ya ardhi visivyokuwa kwenye ramani, na pia matatizo ya mfumo wa ishara. Bajeti ikapanda kutoka dola bilioni 1.98 hadi 2.44, na sehemu kubwa ya mvutano na mkandarasi ilihusu hasa nani abebe mzigo huo. Ukimbebesha mkandarasi hatari yote, atauza kwa bei ya woga. Ukiibeba yote mwenyewe bila vipimo, unatia sahihi hundi tupu. Mwafaka ni mwenye reli kupima udongo kwanza, kwa mashimo mengi na kwa kuchungulia palipo na nyaya, kisha kuwapa wazabuni wote taarifa zilezile na kuweka bei ya kila mita ya ziada ndani ya mkataba kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa. Kazi hiyo huchukua miezi, na haina utepe wa kukatwa.